Kontena Lilinishinda, Vikasha Sita Vikanipa Nyumba

Aliyeniambia "nunua kontena, toboa madirisha, hamia" sijui kama amewahi kulala ndani ya kontena hata usiku mmoja. Mimi nimelala.

Kiwanja changu kimebanwa na kuta za majirani pande tatu, na njia ya kukifikia ni uchochoro wa upana wa mita 2.6 ambao katikati unapiga kona kali. Nilitaka nyumba itengenezwe vipande vipande karakana, kisha iungwe pale kwa siku chache, maana hapakuwa na mahali pa kumwaga mchanga bila kuwafungia watu njia. Wazo lilikuwa zuri. Nilichokosa ni akili ya kupima kabla ya kulipa.

Nikanunua kontena kuukuu la futi 20, likashushwa kwa fundi mchomeleaji. Kichwa kimejaa picha za mtandaoni, nikamwambia akate ubavu, karibu mita 4, niweke kioo. Fundi akanitazama. "Bosi, una uhakika?" Kata, nikasema. Alipomaliza, boriti ya juu ikapinda, na milango ya nyuma ikagoma kufunga. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kontena hubeba mzigo kwenye nguzo zake nne za pembeni, na yale mabati ya mikunjo ya ubavuni, membamba hayafiki hata milimita 2 sehemu kubwa, ndiyo yanayozishika boriti zisilegee. Ukiyaondoa, unadaiwa fremu nzito ya chuma kuzunguka tundu. Hiyo fremu ilikula fedha yote niliyodhani nimeokoa, na chenji juu.

Basi nikasema angalau nilijaribu kwa kulala. Usiku ulikuwa wa baridi, nikafunga kila kitu. Alfajiri nikaamshwa na tone la maji puani. Nikadhani mvua, nikatoka nje: kukavu! Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Ilipanda, ikakutana na bati baridi, ikageuka maji, sasa ilikuwa inanirudia tone moja moja. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, kwa hiyo usiku umelala kwenye friji na mchana umeketi ndani ya oveni. Dawa ipo: unalivika kwa ndani sufi ya mawe, yale magodoro ya nyuzi za mawe ya kuzuia joto, na karatasi nene ya kuzuia mvuke. Lakini upana wa ndani ni mita 2.35 tu. Vika sentimita 10 kila upande, umebaki na 2.15, na kitanda kikiingia unapita ubavu ubavu kama kaa. Ukilivika kwa nje, sawa, ila hapo yale mabati uliyolipia yamekuwa mifupa ya nyumba nyingine. Na sakafu ya plaiwudi msiiamini haraka, nyingi hutiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za baharini.

Haya yote, na bado sikuwa nimejiuliza litapitaje kwenye kona.

Hapa sasa mniache nijisifu kidogo. Nilichukua papi za mbao nikagongelea fremu tupu yenye urefu na upana wa kontena likilala: mita 6.06 kwa 2.44. Katikati nikasimamisha ufito mrefu wa kupima nyaya za umeme. Tukaibeba watu wanne kupita uchochoroni, watoto nyuma yetu wakiimba. Kwenye kona ikakwama kama mfupa kooni. Nikatoa msumeno pale pale. Tukapunguza urefu, tukajaribu; tukapunguza upana, tukajaribu. Mtu mmoja akatoka na kiti akaketi kutazama. Saa ya tatu ya kukata, fremu ikazunguka kona bila kugusa ukuta: mita 3.6 kwa 1.8. Baadaye kijana mmoja jirani anayesoma hesabu alinipigia kwenye karatasi, akapata kwamba kwa upana ule urefu wa mwisho ni kama mita 3.75. Msumeno wangu ulipishana na hesabu yake kwa sentimita 15 tu, na hizo sentimita 15 niliziacha makusudi. (Makusudi, ndiyo.)

Kontena nikamuuzia mtu wa kufanya stoo, kwa hasara ambayo siitaji mbele ya mke wangu.

Kwa hiyo ramani ya nyumba yangu ilichorwa na kona ya uchochoro. Vikasha sita vya fremu ya mbao: vinne chini, viwili juu. Ukiviweka viwili ubavu kwa ubavu bila ukuta katikati, unapata chumba cha karibu mita 3.6 kwa 3.6. Wazo la paa la majirani wa chini kuwa bustani ya wa juu nililiiba kutoka Habitat 67, jengo la makazi la Montreal, Kanada, kazi ya msanifu Moshe Safdie, lenye masanduku 354 ya zege. Mimi nina masanduku mawili yenye paa la kukanyagwa, na kamba ya nguo. Tangi la maji ya mvua nililitaka liwe juu pia, mpaka nilipokumbuka kwamba lita 1,000 ni tani nzima. Liko chini.

Kilichonisaidia zaidi ni jengo lililoshindwa. Nakagin Capsule Tower ya Tokyo, 1972, kazi ya Kisho Kurokawa, ilikuwa na vyumba 140 vilivyofungwa kwa bolti nne kila kimoja, vibadilishwe baada ya miaka kama 25. Havikubadilishwa, kuchomoa kimoja kulitaka uviguse na vya juu yake. Mwaka 2022 jengo likabomolewa. Mimi bolti zangu zote zinafikika kwa spana ukiwa umesimama, na jiko na bafu nimevipa mgongo mmoja ndani ya kikasha kimoja, mabomba yote nyuma ya mlango mwembamba wa nje. Fundi bomba anakuja, anamaliza, anaondoka, hajakanyaga sebule yangu.

Msingi na vibali sina la kusimulia. Siku ya kuingiza vikasha ndiyo ilikuwa sinema. Kreni haikufika, kwa hiyo tulivisukuma juu ya mabomba ya chuma, bomba linalobaki nyuma linakimbizwa mbele. Viwili vya juu vilipandishwa kwa winchi ya mnyororo, mchana kutwa. Kati ya kikasha na kikasha weka raba nene, la sivyo hatua za aliye juu utazihesabu ukiwa chini. Na kiungo cha paa kivalishe kofia ya bati. Mimi nilitegemea silikoni, na mvua ya kwanza ilinifundisha adabu.

Kikasha cha tatu, pamoja na sentimita zangu za makusudi, kilikwangua ukuta wa mzee wa pale kwenye kona, tukakisukuma vibaya tu. Nilimwahidi kuupaka upya. Rangi nimenunua, ipo chini ya ngazi, na kila nikipita ananisalimu kwa kuniuliza imekauka au bado.