Jinsi nilivyomtambua buibui mrukaji wa ukutani

Kujua familia ya buibui huyu haikunisumbua. Macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, halafu mruko wa ghafla: huyo ni Salticidae, familia ya buibui warukaji, hakuna ubishi. Kazi ilikuwa spishi, maana familia hiyo ina zaidi ya 6,000.

Kwa kuwa alikuwa akiwinda ukutani, nilibaki na washukiwa wawili walioenea karibu kote kwenye tropiki: Plexippus paykulli na Menemerus bivittatus. Picha za mbali hazisaidii kitu, wote huonekana wana mistari tu. Nikamfunika kwa glasi, nikapitisha karatasi chini yake taratibu, kisha nikampiga picha kutoka juu kwa lenzi ya kukuza.

Dume wa Menemerus ana mstari mweusi katikati ya tumbo, weupe uko pembeni, na mwili wake umebapa. Wangu alikuwa kinyume chake: mweusi, mstari mpana mweupe ukipita katikati kutoka kichwani hadi tumboni, na vidoa viwili vyeupe karibu na ncha ya tumbo. Plexippus paykulli, dume.

Jike wake ni wa kahawia-kijivu, ungeapa ni spishi nyingine. Vile vidoa viwili ndivyo vinavyomuumbua. Ila rangi peke yake mimi siiamini sana, kwani vinyweleo huchubuka. Ukiwa na shaka, tafuta darubini uangalie viungo vya uzazi: kwa jike viko chini ya tumbo, kwa dume ni vile vikono vifupi vilivyovimba kando ya mdomo.