Machozi ya Yusufu

Neno la wiki: Mwanzo 42 hadi 45

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mzaliwa wake wa kwanza alipopatikana kule Misri, Yusufu alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba yote ya baba yake. Ukifunga Biblia hapo utasema mambo yamekwisha. Ana cheo, ana mke, ana mtoto. Ushuhuda umekamilika, tupige makofi.

Kisha njaa ikaingia, na kaka zake, wale waliomuuza utumwani, wakaja kununua nafaka. Yule aliyesahaulishwa yote akawatambua mara moja, akasema nao kwa ukali, akawaita wapelelezi na kuwatia kizuizini siku 3.

Sidhani kama alikuwa amedanganya alipompa mtoto jina lile. Alikuwa amepona kiasi ambacho mtu anaweza kupona akiwa mbali na waliomuumiza.

Sasa fuatilia machozi yake. Sura ya 42, anawasikia wakikiri kosa lao wao kwa wao, wasijue anaelewa, maana katikati yao kuna mkalimani. Anajitenga, analia, anarudi na uso ule ule wa mkuu wa nchi, anamfunga mmoja wao, Simeoni, mbele ya macho yao. Lakini anaamuru pia fedha zao zirudishwe ndani ya magunia, tena wapewe chakula cha njiani. Ukali na wema kwa pamoja! Sura ya 43, akimwona Benyamini, mdogo wake, anakimbilia chumbani kulia, ananawa uso, anajizuia, anaagiza chakula kiletwe. Wanakula nyumbani kwake, ingawa yeye ameandaliwa peke yake. Sura ya 45, anawatoa watu wote, analia kwa sauti hata Wamisri wanasikia, na kuwaita ndugu zake wamkaribie. Aliuzwa kijana wa miaka 17. Akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita shibe ya miaka 7, na njaa ikawa katika mwaka wa 2. Ni kama miaka 22.

Wala hakujitambulisha kwao kabla ya kuona wamekuwa watu wa namna gani. Yuda, aliyetoa shauri la kumuuza, ndiye aliyeomba abaki mtumwa badala ya Benyamini, Yusufu alipowajaribu kwa kuficha kikombe chake ndani ya gunia la huyo mdogo. Nayasema haya kwa ajili ya mwenzetu anayeshinikizwa arudi leo leo kwenye nyumba aliyopigwa, eti kwa kuwa amesamehe. Yusufu alisamehe, na bado aliangalia kwanza.

Basi wewe uliyesamehe kwa machozi Jumapili, halafu Jumanne ukaiona namba ya mtu yule kwenye simu na kifua kikabana, usikubali kuambiwa hukusamehe. Labda mwezi uliopita ulishindwa hata kulitaja jina lake katika maombi, na sasa unalitaja. Labda wiki hii utaitikia salamu yake tu, bila mazungumzo. Mshukuru Mungu kwa hilo, hata kama hakuna atakayekuita mbele ya kanisa ulishuhudie.

Yakobo, baba yao, alihamia Misri akaishi huko miaka 17. Alipokufa, wale ndugu wakaogopa kwamba sasa Yusufu atalipiza, wakamtumia ujumbe wa kuomba msamaha. Yusufu akalia tena. Safari hii hapakuwa na ukali wala mtihani: aliwaambia wasiogope, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao.