Nilivyochota kamusi ya Kiitaliano ndani ya Wikipedia

Malindi Kiitaliano ni lugha ya kazi, tangu Waitaliano waliporusha setilaiti yao kutoka jukwaa la San Marco kule Ngomeni mwaka 1967, na watalii wao wakazidi. Waongozaji wetu wanakizungumza vizuri, ila ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke majina ya wanyama huwapotea, na intaneti huko ni ya kubahatisha. Nikaamua kutengeneza programu ya simu ya kamusi ya Kiswahili na Kiitaliano, isiyohitaji bando.

Kila niliyemuuliza alinishauri nipitie Kiingereza. Ushauri huo unanikera hadi leo! Niliujaribu, popo akageuka mazza, yaani gongo la kriketi, maana Kiingereza kina neno moja, «bat», kwa vyote viwili.

Wikipedia haihitaji daraja hilo. Makala za lugha zote kuhusu kitu kimoja zimefungwa kwa namba moja ya Wikidata, ghala la data linalounganisha Wikipedia zote. Kenya ni Q114 popote. Nilipakua faili ya langlinks ya Wikipedia ya Kiswahili, yaani orodha ya viungo vya makala kwenda lugha nyingine (ni ndogo, hela ya bando haikuniumiza), nikabakisha mistari yenye alama ya «it», yaani Kiitaliano.

Hapo ndipo nilipopambana hasa. Waitaliano huzipa makala za wanyama majina ya kisayansi. Simba wangu alirudi Panthera leo, popo akawa Chiroptera. Mtalii gani husema hivyo? Niliikodolea macho misimbo ya makala zenyewe za Kiitaliano mpaka usiku wa manane, nikagundua kwamba jina la kawaida limo kwenye sentensi ya kwanza, limekolezwa wino. Na ndani ya misimbo hiyo, wino uliokolezwa ni ritifaa (alama ya ') tatu kila upande. Ritifaa mbili ni maandishi ya mlazo, ambayo mara nyingi ndiyo hubeba jina la kisayansi. Nikaiamuru programu iokote cha ritifaa tatu, iache cha mbili. Leone! Niliruka kitini. Popo akaja na majina mawili, chirotteri na pipistrelli, nikayaweka yote.

Maneno ya mabano kwenye vichwa vya makala, yanayotenganisha makala zenye jina moja, yafute mapema. Na taja kwamba umetoa Wikipedia, leseni yake inadai hivyo.

Ensaiklopidia haina vitenzi wala salamu. Bei, «ngoja kidogo» na «shuka hapa» niliandikiwa na binamu yangu wa tuktuk, na hizo ndizo zinazofunguliwa zaidi. Faili mpya hutolewa mara mbili kwa mwezi. Kila zikitoka naendesha kazi yote upya, na samaki aliyeandikiwa makala juzi anaingia.