Nilivyopanga Safari ya Mafia kwa Kitabu Kilichopitwa na Wakati

Nilipowaeleza watu kwamba likizo ya Disemba nitaipeleka familia yangu kisiwani Mafia, na kwamba safari nzima nitaipanga kwa kitabu cha mwongozo wa watalii nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, nilipata ushauri mwingi kuliko nilioutaka. Shemeji yangu, ambaye katika maisha yake hajavuka maji zaidi ya yale ya pantoni ya Kigamboni, alisema kitabu hicho ni cha Wazungu na kwamba ni aibu mtu wa pwani kusomea bahari ya kwao kwa Kiingereza. Mwenzangu mmoja kazini alisema niende tu, nitajua huko huko. Ofisi moja ya safari niliyoipitia ilinitajia bei ya kila kichwa kwa dola, watoto wakihesabiwa kama watu wazima, nami nikashukuru kwa adabu na kutoka nje.

Ni kweli kwamba kitabu kilikuwa kikuukuu. Kilichapishwa kabla ya namba za simu za mkononi nchini kubadilishwa, kwa hiyo ndani yake kulikuwa na namba zinazoanza na 0744 na 0741, na bei ambazo leo hazinunui hata kifungua kinywa. Lakini nilikisoma nikiwa na penseli mkononi. Kila sentensi iliyohusu upepo, maji, umbali na majira niliipigia mstari chini, na kila iliyohusu bei, ratiba za vyombo au jina la meneja niliikata. Nilipomaliza, sura ya Mafia ilikuwa imebaki karibu nusu, na nusu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu upepo wa kusi haujaacha kuvuma tangu kitabu kichapwe.

Jambo la kwanza nililolipata humo lilikuwa tarehe. Shemeji alikuwa ameshikilia kwamba wakati mzuri ni Julai, eti ndio msimu wa watalii. Kitabu kilieleza wazi kwamba katika miezi ya kusi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, upepo huwa mkali kiasi kwamba mashua nyingi hubaki ndani ya ghuba ya Chole bila kutoka kwenye miamba ya nje, na kwamba masika, Machi hadi Mei, ni wakati ambao hata baadhi ya hoteli hufunga milango. Papa potwe, yule samaki mkubwa mno asiyedhuru mtu, ambaye mke wangu alikuwa amesema bila yeye hakuna safari, huonekana upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kati ya Oktoba na Februari au Machi, akifuata vijidudu vidogo vya majini anavyovila. Shule zinafungwa Disemba. Basi mjadala ukaisha, ingawa nakiri kwamba aliye na hamu ya kuona kasa wakianguliwa katika kisiwa jirani cha Juani atamtetea shemeji yangu.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayojivunia. Karibu kila matembezi yaliyotajwa kitabuni yalifuatiwa na maneno yale yale, kwamba inategemea maji, na kwamba msafiri aulize akifika. Kwa fungu la mchanga la Marimbani, inategemea maji. Kwa kushuka Juani kwenda kwenye magofu ya Kua, inategemea maji. Mwandishi alijua tatizo lakini hakutoa saa hata moja. Kwangu ukutani kuna kalenda ya msikiti yenye tarehe za Hijria, na mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akichokoa pweza Bagamoyo, kwa hiyo nilijua kile ambacho mwandishi hakukiandika: bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo katika mwambao wetu maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika 50. Baada ya kama wiki moja yanakuja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na hapo mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne asubuhi.

Nilikaa mezani usiku kitabu upande mmoja na kalenda upande wa pili, nikachora jedwali. Fungu la Marimbani huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, basi nikaliweka asubuhi ya bamvua, ili watoto wacheze mchangani kabla jua halijawa kali. Kua, ambako mashua hupenya pembeni mwa mikoko na haitaki kukwama topeni, nikaiweka mwishoni mwa kukaa kwetu, maji yakijaa asubuhi. Papa potwe nikamwachia nafasi katikati, zaidi ya asubuhi moja, maana yule ni samaki wa porini na hana miadi. Nahodha aliyetuchukua katika kijiji cha Utende aliliangalia jedwali langu, akauliza nimepewa na nani, na nilipomwambia nimelitengeneza nikiwa Dar es Salaam aliniita mzee kwa muda wote uliobaki. Sikumkatalia.

Malazi niliyapata kwa kukisoma kitabu kinyumenyume. Hoteli za Utende zilikuwa zimesifiwa kwa kurasa, kila moja na machela yake na machweo yake. Nyumba za wageni za Kilindoni zilipewa mstari mmoja mmoja wa dharau, na mmoja wao ulisema ni safi lakini ipo jirani na soko na msikiti, hivyo mgeni asitarajie kulala hadi mchana. Nikasema hiyo ndiyo yangu. Soko karibu maana yake samaki wabichi na maandazi ya asubuhi, na mashua za papa potwe zinaondokea hapo hapo Kilindoni.

Namba yake ilianza na 0744, na nilipoipiga haikuita. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini wale tuliokuwa na simu wakati ule tunakumbuka kwamba 0744 iligeuzwa kuwa 0754 na tarakimu nyingine zikabaki vile vile. Nikapiga tena kwa 0754. Ikaita. Akapokea kijana, nikamwuliza kama hapo ni nyumba ya wageni, akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, lakini hii ni laini ya mzee, nani amekupa? Nilimsomea mstari wa kitabu, pamoja na maneno ya msikiti na soko, akacheka mpaka nikasikia akimwita mama yake aje asikilize. Mzee alikuwa amempa laini pamoja na nyumba. Kutokana na kicheko kile nilipata vyumba viwili kwa bei ya ndugu, na maelezo yote ambayo kitabu kisingeweza kunipa: niachane na habari za majahazi ya Kisiju, feri inatoka Nyamisati, mabasi ya huko yapo Mbagala Rangi Tatu na yanaingilia Bungu, nije na kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kiingilio cha hifadhi ya bahari kwa raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na kile cha wageni kilichoandikwa kitabuni. Hifadhi hiyo, ya kwanza ya bahari nchini, ipo tangu 1995, na lango lake liko njiani kwenda Utende, kama kilomita 15 kutoka Kilindoni.

Tulimwona papa potwe asubuhi ya pili ya kujaribu. Ni mkubwa, anatisha kwa ukubwa tu, na hana habari na mtu. Unaingia majini na miwani na mrija, humgusi, humzibi njia, naye anapita. Binti yangu aliingia. Mimi nilibaki kwenye mashua kulinda mikoba.

Kisiwani Chole tuliwaona popo wakubwa wakining'inia mchana kweupe, wa jamii ile ile iliyopo Komoro. Lakini Kua ndipo nilipoanza kukikasirikia kitabu. Kilikuwa kimetoa ukurasa mzima kwa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyonaswa katika delta ya Rufiji na kumalizwa Julai 1915 kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka Mafia. Habari hiyo niliwasimulia watoto tukiwa kwenye feri, na walipoona mikoko ya delta waliipenda. Kua, mji wenye misikiti na jumba lililobakiza kuta, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ulipewa nusu aya. Mzee aliyetuongoza Juani alitueleza nyumba kwa nyumba, nani alikaa wapi na ugomvi ulianzia kwenye arusi gani, kwa muda mrefu kiasi kwamba nahodha alikuja kutuita, maji yakianza kutoka. Ukienda, mpe muda mzee wa aina hiyo na umlipe vizuri. Kitabu kinasema apewe zawadi ndogo, kauli ambayo niliifuta.

Gharama zote, basi, feri, vyumba, mashua na chakula cha familia, hazikufika nusu ya kile nilichotajiwa na ile ofisi, na hapo tulikula kamba na pweza bila kujinyima. Pembeni mwa kurasa nimeandika kwa penseli 0754 mahali pa 0744, Nyamisati mahali pa Kisiju, na saa za maji kwa kufuata tarehe ya mwezi. Bei sikuziandika.