Hatari iliyonipata si ile niliyoiogopa

Watu wakisikia nimepasuliwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huniuliza jambo moja: hukuogopa kupofuka? Niliogopa sana. Mimi ni fundi cherehani, na jicho la kulia lilikuwa limepata tundu kwenye makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayosomea na kutungia uzi. Pembeni nilikuwa naona vizuri. Nikikutazama usoni kwa jicho hilo, masikio nayaona, pua siioni.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa nilielezwa mambo mawili ya kukosesha usingizi. Kwanza, maambukizi ndani ya jicho: ni nadra, mtu 1 kati ya 1,000 au hata chini ya hapo, lakini yakikupata unaweza kulipoteza jicho. Pili, retina kubanduka, ambayo hutokea mara nyingi zaidi ya hayo na hudai upasuaji mwingine wa haraka. La tatu, mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kupata ukungu, lilitajwa kwa kupitia tu.

Upasuaji wenyewe huitwa vitrektomi. Daktari hupitisha vifaa kwenye vitundu vitatu katika weupe wa jicho, kila kimoja hakifiki milimita 1. Huutoa ute unaojaza jicho, kisha huubandua utando mwembamba ulio juu ya makula. Utando huo hauonekani mpaka utiwe rangi. Nimeshona hariri miaka mingi, na bado sielewi mkono wa binadamu unawezaje kazi hiyo.

Mwisho jicho hujazwa gesi ili tundu lizibwe wakati likipona, nawe unalala kifudifudi kwa siku kadhaa kama daktari wako anavyotaka. Shingo yangu ilinichukia. Gesi nyingine huisha baada ya wiki mbili tatu, nyingine hukaa karibu miezi miwili. Ikiwa bado imo, ndege ni marufuku: ukipaa gesi hutanuka, presha ya jicho hupanda na damu inaweza kushindwa kuifikia retina. Nitrasi oksaidi inayotumika kwenye usingizi wa hospitali ina hatari hiyohiyo, ndiyo maana nilifungwa utepe wa onyo mkononi na kukatazwa kuuvua hata wakati wa kuoga.

Presha inaweza kupanda hata ukiwa kitandani kwako. Mimi ilinipata usiku: kichwa upande wa kulia kikagonga, nikatapika. Dada yangu alidhani ni chakula. Nikamwambia twende, na tulienda usiku uleule. Nilipewa matone na vidonge, ikashuka. Maumivu makali na kutapika baada ya upasuaji huu si vya kusubiri kupambazuke.

Gesi ilipokwisha niliona, tena vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa mstari wa chaki kwenye kitambaa bado ulijikunja katikati. Halafu ukungu ukaanza kurudi taratibu. Mtoto wa jicho. Kwa aliyevuka miaka 50, vitrektomi huuharakisha kiasi kwamba wengi huwa nao ndani ya miaka miwili. Hapo ndipo nilipokasirika, maana kitu kinachowapata wengi hakifai kusemwa kama nyongeza. Ningepanga fedha na kazi za wateja kwa pasuaji mbili tangu mwanzo. Wapo madaktari wanaobadilisha lenzi palepale kwenye upasuaji wa kwanza. Uliza kama wewe unafaa.

Uliza pia neno “kufaulu” lina maana gani. Tundu hufunga kwa wagonjwa wengi sana, na picha ya makula yangu ilimfurahisha daktari kweli. Yeye alikuwa anaangalia tundu lililofunga, mimi nilikuwa nauliza kuhusu uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, ambao hadi leo naushonea jicho la kushoto.

Sasa nasubiri zamu ya kubadilishiwa lenzi. Wakati huo huo nafumba jicho moja moja kila asubuhi, kwa sababu la pili nalo linaweza kutoboka, na nimeshawaambia wa nyumbani: nikisema naona vimulimuli au pazia linashuka pembeni, dalili za retina kubanduka, tunaondoka siku hiyohiyo.