Zamu ya asubuhi, vidonge vinne: siku yangu moja Dodoma

Saa 11:00 alfajiri. Simu inalia. Nameza kidonge cha kwanza cha pairidostigimini, miligramu 60, na kipande cha mkate, kisha najilaza tena. Dawa inataka kama nusu saa ianze kazi. Nikiwahi kuamka, hata kukoroga uji mikono inagoma.

Mimi ni muuguzi, na nina ugonjwa uitwao maiastenia gravis. Kinga ya mwili inashambulia pale mshipa wa fahamu unapopeleka ujumbe kwenye msuli. Msuli ukitumika unachoka upesi, ukipumzika nguvu zinarudi. Ndiyo maana asubuhi utaniona mzima kabisa, na jioni kope limeshuka, kitu kimoja nakiona viwili. Kabla ugonjwa haujajulikana niliambiwa ni usingizi, na wengine wakasema nimerogwa.

Saa 12:15. Binti yangu wa miaka tisa ananiamkia, kisha ananikagua uso. "Mama, leo kope zimekaa vizuri." Mdogo wake simbebi tena. Nakaa chini, anapanda mapajani mwenyewe. Shuleni anapelekwa na wifi yangu, Mungu ambariki.

Saa 1:00. Bajaji kutoka Nkuhungu. Ni Julai, upepo wa Dodoma mkavu na wa baridi, wenzangu wamejifunika vitenge. Mimi baridi hii naipenda, maana joto ndilo linalonimaliza. Novemba, kabla mvua hazijafika, ndio mwezi wangu mgumu.

Saa 1:30. Makabidhiano, wodi ya wazazi. Saa 3:00 kidonge cha pili.

Saa 4:00. Analetwa mama kutoka Bahi, ujauzito wa kwanza, presha iko juu, kichwa kinamuuma, anaona ukungu. Daktari anaandika magnesiamu salfeti kuzuia kifafa cha mimba. Dawa hii imeokoa akina mama wengi mno, na naiandaa kwa mikono yangu. Lakini mimi nikichomwa hiyo naweza kuacha kupumua, kwa sababu inazuia ujumbe uleule ambao kwangu tayari ni hafifu. Kwa hiyo simchomi mama yeyote kabla sijamuuliza: kope zako huwa zinashuka? Ukimeza unapaliwa? Jioni sauti inakuishia? Yeye anasema hapana, tunaanza.

Halafu nakaa naye. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Wapo wanaoharakisha hapo, wanajaza fomu bila kugonga goti. Wanakosea. Dawa ikizidi goti hunyamaza kwanza, kifua hufuata, na mimi najua kifua kikikataa kupanda kinakuwaje. Mama mkwe wake ananisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", anauliza mbona simwachi mgonjwa. Namwambia hapa ndipo kazi yangu ilipo leo.

Nilipougua nilidhani uuguzi umeisha. Matroni alinipangia asubuhi tu, bila zamu za usiku, na kunyanyua wagonjwa wanafanya wenzangu. Kilichobaki ni kuangalia na kuuliza, na hicho nakifanya kwa moyo wangu wote.

Saa 6:15 kidonge cha tatu, ili saa 7:00 koo liwe na nguvu. Ugali wa uwele na mlenda. Kwa mtu anayemeza kwa shida hakuna mboga kama mlenda.

Saa 9:30. Presha ya mama wa Bahi imeshuka. Narudi nyumbani, nalala mpaka kidonge cha saa 11:00 jioni.

Saa 1:00 usiku. Sauti imeanza kutokea puani, hivyo hadithi anasoma binti yangu, mimi nasikiliza.

Saa 2:00. Ananipigia dada mmoja wa Kondoa, ana mtoto mchanga, ameambiwa juzi ana ugonjwa kama wangu. Anauliza kama ataweza kulea. Namsimulia siku yangu yote, na nusu yake anailia. Kisha namwambia achukue kalamu aandike kwenye kadi ya kliniki dawa zinazoweza kuuzidisha ugonjwa huu, ili kila daktari azione kabla ya kumwandikia: jentamisini, siprofloksasini, kwinini, magnesiamu. Anaandika polepole, ananisomea. Alhamisi anakuja na basi la asubuhi. Nina mapumziko siku hiyo, nitampokea stendi ya Nanenane twende wote kliniki.