Ndoo yenye mistari: nilivyouguza wagonjwa wa kipindupindu Tanga

Masika ikishika kasi, vyoo vya shimo vya mabondeni hufurika na visima vifupi vilivyo jirani navyo huchafuka. Nimeshika zamu katika kambi za kipindupindu hapa Tanga, na kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni ndoo ya plastiki ya lita 10 niliyoichora mistari.

Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kutoa choo cha maji hadi lita moja kwa saa. Kinachomuua ni kukaukiwa, na kukauka huko kunarudishika. Ndiyo maana kazi ya muuguzi kambini ni hesabu ya maji: yametoka kiasi gani, yameingia kiasi gani, na pengo limezibwa au bado.

Kila mgonjwa anapata ndoo mbili, moja chini ya tundu la kitanda (kitanda hutobolewa katikati ili choo kidondokee ndooni), nyingine upande wa kichwa, ya matapishi. Kabla ya kuitumia, namimina maji lita kwa lita kwa jagi lenye vipimo na kuchora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Halafu naimwaga na kutia klorini ya asilimia 2, kina cha sentimita moja hivi. Hapo ilipofikia ndipo sifuri yangu. Hesabu huharibika pale msafishaji anapoimwaga ndoo kabla haijasomwa. Tuliwekeana sharti: ndoo haiondoki mpaka muuguzi aandike. Mkojo nao huingia humo humo, kwa hiyo namuuliza mgonjwa au ndugu yake kama amekojoa. Mkojo kurudi ni habari njema, na ina nafasi yake kwenye chati.

Anapofika mtu macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki, sitafuti kwanza historia ndefu. Ni dripu ya ringa lakteti, yaani maji ya mshipani yenye chumvichumvi, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu mzima na mtoto aliyezidi mwaka, mililita 30 kwa kilo ziingie ndani ya dakika 30, na 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Kwa mtoto chini ya mwaka ni 30 kwa saa moja, kisha 70 kwa saa tano.

Wauguzi wapya huanza kuhesabu matone hapa, na ndipo wanapochelewa. Mtu wa kilo 60 anahitaji mililita 1,800 katika nusu saa ya kwanza. Kwa seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita hayo ni matone 1,200 kwa dakika, hakuna jicho litakaloyahesabu. Mimi nahesabu chupa. Naweka kanula mbili (vijibomba vya plastiki vya kuingiza mshipani), moja kila mkono, za rangi ya kijivu au kijani (ya pinki ni nyembamba kwa kazi hii), nafungua zote mpaka mwisho, na kila chupa ya mililita 500 iwe imekwisha kwa dakika 17 hivi. Mapigo yakirudi na nusu saa ikipita, nafunga mkono mmoja. Mkono uliobaki unamaliza chupa kila dakika 18. Juu ya kila chupa naandika saa ya kuanza na saa inayopaswa kuisha. Mwenzangu akipita anaona mara moja kama tumechelewa, bila kuniuliza.

Nashika mapigo kila baada ya dakika 15. Yakiwa bado dhaifu baada ya zile 30 za kwanza, narudia kipimo hicho hicho mara moja. Kope zikianza kuvimba au pumzi kwenda mbio, maji yamezidi: napunguza na kumwita daktari. Ringa lakteti isipokuwepo, chumvi ya asilimia 0.9 inafaa. Dripu ya glukosi peke yake haifai, haina chumvi ya kurudisha ile iliyopotea.

Dripu haimalizi kazi. Potasiamu iliyomo ni kidogo kuliko inayotoka, hivyo mgonjwa akiweza tu kumeza naanza ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, huku dripu inaendelea. Aliyekauka kiasi, asiyefikia kuzidiwa, nampa ORS peke yake, mililita 75 kwa kila kilo kwa saa nne. Baada ya hapo, kwa kila choo cha maji: mtoto chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili hadi tisa 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri atakavyo, angalau 250. Akitapika nasubiri dakika 10, kisha kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Makosa mengi ya ORS huwa kwenye chupa ya kukorogea. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji. Akina mama huikorogea kwenye chupa ya nusu lita wakidhani itakuwa na nguvu zaidi. Chumvi inakuwa kali na kuhara kunaongezeka. Wengine huikorogea kwenye chupa ya lita moja na nusu, ikapooza. Na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. ORS ikikorogwa nayo, kipimo kimeharibika hata kama pakiti ni sahihi. Iliyokorogwa imwagwe baada ya saa 24.

Ndugu wa mgonjwa hawaji mikono mitupu, huja na madafu. Bibi mmoja hivi akiniambia, “Mwanangu, dafu ndiyo dawa yetu,” namjibu, “Shikamoo bibi, dafu atakunywa, lakini kikombe cha hii kwanza.” Simkatalii, kwa kuwa dafu lina potasiamu nyingi. Ila sodiamu yake ni ndogo mno kushika nafasi ya ORS.

Dawa ni fupi kusimulia: doksisaiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima, ikiwa daktari ameandika na kidudu hakijaizoea, zinki miligramu 20 kwa siku kwa mtoto, siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita. Hakuna dawa inayochukua nafasi ya maji.

Klorini nachanganya mwenyewe kila asubuhi kutoka unga wa asilimia 70. Kwenye ndoo ya lita 20: kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, gramu 15, kwa mikono, vijiko vinne kwa sakafu na vitanda, gramu 600 kwa kinyesi, matapishi na maiti. Ndoo za plastiki zenye mfuniko, kivulini, rangi ya koki tofauti kwa kila nguvu, maana aliyenawa uso kwa ile kali ataumia macho. Unga uachwe utuame nusu saa, la sivyo koki huziba. Usitie sabuni humo. Na mtu hanyunyiziwi klorini, awe mgonjwa au ndugu.

Maiti ni jambo la heshima na la hatari pamoja. Wazee wakitaka aoshwe kama dini inavyoagiza, nasema aoshwe, lakini na waoshaji waliofundishwa, wenye glavu na aproni, na wasiguse chakula cha msibani kabla ya kunawa kwa klorini ya mikono.

Ruhusa natoa mgonjwa akiwa hana dalili ya kukauka, anakunywa mwenyewe, na amepata choo cha maji chini ya mara tatu katika saa sita. Anaondoka na pakiti za siku mbili, na kabla hajafika mlangoni namwambia akoroge moja mbele yangu, kwa chupa ile ile atakayotumia nyumbani.